Muulize Mwalimu: «Down», na ngazi zilizoshukwa bure

Mwezi huu nimefungua bahasha na kusoma ujumbe wa simu, nikakuta wasomaji sita wananiuliza neno moja. Sishangai. Tangu nchi yetu, Kongo, iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Kiingereza kinatufikia hapa Bukavu kwa milango mingi: karatasi za forodha, matangazo ya kazi, mama zetu wanaokwenda Kampala kuchukua mizigo, vijana wanaovuka mto Ruzizi asubuhi kwenda Kamembe, Rwanda, na kurudi jioni. Lugha hiyo nimeifundisha miaka 31, katika madarasa ya watoto 60 wenye kamusi moja, tena kamusi ya Kifaransa. Kwa hiyo kosa lenu nalijua lilikotoka. Mliambiwa «down» ni «en bas», na «en bas» ni chini, basi, funga daftari. Aliyeandika hivyo ubaoni ni mimi. Leo nimekuja na kifutio.

*

*Mwalimu, nauza vitenge soko la Kadutu. Juzi nilikuwa Kampala, nikaingia mahali pa kutuma pesa, ghorofa ya pili. Kijana wa dirishani akaniambia: «Sorry mama, the system is down.» Sistemu naijua, ni ileile ya Kifaransa, na «down» ni chini. Nikashuka ngazi zote na mkoba wangu wa pesa kwapani, natafuta hiyo sistemu. Chini nikamkuta mtu anachoma chapati. Nikapanda tena, kijana akarudia maneno yaleyale. Nikashuka mara ya pili. Nieleze kabla sijarudi huko.*
*— Mama wa vitenge, Kadutu*

Mama, pole kwa magoti. Natumaini safari ya pili ulinunua hata chapati moja.

Kijana hakukudanganya wala hakukufukuza. Alikuambia mtambo umeacha kufanya kazi. Angekuwa wa kwetu angesema tu «rezo hakuna», nawe ungetafuta benchi ukangoja.

Sasa tuone kwa nini alisema chini. Kwa Mwingereza, kitu kizima kiko wima. Mashine inayofanya kazi iko «up». Hata wana msemo wao, «up and running», iko juu na inakimbia. Ikiharibika, imeanguka, imelala kama ng'ombe mgonjwa: iko «down». Simu, kompyuta, laini ya umeme, vyote vikikatika kwake vimelala.

Njoo kwetu. Gari likikufia njiani Panzi unasema nini? «Limesimama.» Ujenzi ukikosa saruji? «Kazi imesimama.» Saa ya ukutani ikiisha betri? «Imesimama.» Sisi kitu kinapokufa tunakisimamisha, Mwingereza anakilaza! Ukifuata neno lake, utasema mtambo uko chini, na utashuka ngazi. Ukifuata maana yake, utasema mtambo umesimama, yaani utakwenda upande wa pili kabisa wa neno alilotumia. Nimekaa na jambo hili wiki nzima, naona aibu kwamba miaka 31 sikuwahi kuliweka hivyo mbele ya wanafunzi. Imebidi mama mmoja ashuke ngazi mara mbili Kampala.

(Najua kuna atakayeniandikia kwamba nasi husema «biashara imelala». Ndiyo. Lakini biashara iliyolala itaamka mwisho wa mwezi. Gari lililosimama linangoja fundi.)

«Down» hii ya kuacha ina jamaa nyingi. Duka likifungwa moja kwa moja, «it closed down». Kompyuta ukiizima, unai-«shut down». Upepo wa ziwani ukipungua jioni, «it died down». Mtu aliyepandwa na hasira anaambiwa «calm down». Popote hapo usitafute chini, maana Kiswahili kina neno lake tayari: fungwa, zima, tulia, poa. Na mwenye duka akikuambia «two hundred down», hajakupunguzia mia mbili. Anataka avansi, mia mbili mezani kwanza, nyingine baadaye. Hapo wengi wameshangilia mapema.

Ukirudi kule, muulize kijana hivi: «When will it be back up?» Itarudi lini? Akikujibu «It's back up», hapo sasa panda ngazi.

*

*Narekebisha nguo za balo, yaani mitumba. Nilipata koti zito, ndani lina kibandiko: «90% down, 10% feather». Mteja mmoja, mtu wa masomo, akaniambia maana yake ni kwamba bei ilishushwa asilimia 90 huko kiwandani, kwa hiyo nimwachie kwa bei ya mwisho kabisa. Nikamwachia. Nilikosea?*
*— Fundi cherehani, Nyawera*

Fundi, umeporwa kwa kamusi.

«Down» hiyo haihusu bei wala chini. Ni yale manyoya mororo ya bata na bata bukini, yanayojificha kifuani chini ya manyoya magumu. Kiswahili kinayo: laika, wingi wake malaika, sawa na vile vinywele laini vya mkononi. Waingereza neno hilo waliletewa na watu wa kaskazini, wa Skandinavia ya kale, na limefanana tu kwa sauti na «down» ya kushuka, kama kaa la moto na kaa wa majini. «Feather» ni unyoya wenye uti. Koti lako, basi, kwa kila sehemu 100 za kilichojazwa ndani, 90 zilikuwa malaika, na malaika ndio wanaoshika joto. Hilo ni koti la watu wa theluji, tena la daraja la juu.

Likikuangukia lingine, bei ni yako, usiulize mtu wa masomo. Ila usilifungue mshono mlangoni penye upepo. Mke wangu alifungua mto wa namna hiyo mara moja, na hadi leo nikitikisa zulia la sebuleni naona kimoja kinaruka.

*

*Mwalimu, tunabishana na yaya yangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, aliyesoma Nairobi. Anasema mtu akitoka Goma kuja Bukavu kwa boti, Kiingereza chake ni «he goes down to Bukavu». Mimi boti hiyo nimeipanda mara nyingi, sijaiona ikishuka popote. Ziwa ni sawasawa kama meza. Nani mshindi?*
*— Mwanafunzi, Muhumba*

Mwanangu, swali lako limenipa raha kuliko yote, kwa hiyo vumilia urefu.

Kwa macho, wewe umeshinda. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, upande wa Goma na upande wa Bukavu, na maji hayajawahi kukaa mshazari. Boti haishuki.

Yaya yako hatazami ziwa, anatazama ramani. Ramani tunazofundishiwa zinaweka kaskazini juu ya ukurasa. Mwingereza ameitazama ramani hiyo ukutani tangu utoto, hata kusini kwake kote kumekuwa chini: «down south». Australia na New Zealand amezibandika jina la «Down Under», chini kule chini kabisa, na wenyeji wa huko wamelipokea wakicheka. Sasa jaribu hii na yaya yako. Mwulize: mtu wa Bukavu akihamia Johannesburg, anakwenda «down» au «up»? Atasema «down to Johannesburg», na kila Mwingereza atamuunga mkono. Halafu umwambie kwamba Johannesburg iko kwenye mita 1,750 hivi. Huyo mtu amepanda, tena mita zaidi ya 200 kuliko aliyekaa kwenye baraza pale Nguba akitazama ziwa.

Ramani hainisumbui sana. Maji ndiyo yenye utamu. Ruzizi inatoka ziwani hapahapa kwetu, inapita kwenye mabonde membamba, inajimwaga tambarare, na inaingia Ziwa Tanganyika lililo kwenye mita 770 hivi. Karibu mita 700 za mteremko kabla ya kufika Uvira! Ndiyo maana hakuna mtu Bukavu anayebishana juu ya «kushuka Uvira». Mlima unashuka, mto unashuka, na ramani nayo inashuka. Mwulize dereva yeyote wa lori aliyeteremka mlima wa Ngomo na breki za wasiwasi.

Lakini twende Maniema. Lualaba inazaliwa kusini, Katanga, na inapanda kaskazini. Mtu anayefuata maji kutoka Kindu kuelekea Kisangani, Mwingereza atasema anakwenda «down the river», na Mfaransa naye atasema anashuka. Kwenye ramani kidole chake kinapanda tu. Wamisri wa kale walikuwa na jambo hilohilo: Nile inatiririka kwenda kaskazini, kwa hiyo Misri ya Juu iko kusini, na Misri ya Chini iko pale juu ya ukurasa, baharini. Mtoto aliyefundishwa ramani kabla ya mto huona hapo pana kosa la uchapishaji. Mimi nilipokuwa na miaka 14 nilisahihisha kitabu cha historia kwa kalamu ya wino, nikachapwa.

Kuna na «down» ya mwenye cheo. Reli za Uingereza, kwa desturi, njia iendayo London inaitwa «up», na ile iendayo mbali na London inaitwa «down», iwe inapanda mlima au la. Chuo kikuu cha Oxford vilevile: mwanafunzi anayekwenda kuanza masomo «goes up», akimaliza «comes down», na akifukuzwa «is sent down». Hapo juu ni pale wakubwa walipo. Jambo hilo nadhani sisi tunalielewa bila mwalimu.

Sasa nimeacha kizuri mwisho. Neno lenyewe limetoka wapi? Katika Kiingereza cha zaidi ya miaka elfu iliyopita, «dūn» ilikuwa kilima. Mtu aliyekuwa juu akirudi, walisema anakuja «of dūne», yaani kutoka kilimani. Maneno mawili yakagandana yakawa «adūne», kisha kichwa kikachakaa, likabaki «down». Umeona? Neno la chini lina kilima tumboni! Na hadi leo kusini mwa Uingereza kuna safu ya vilima inayoitwa South Downs. Mgeni anayejua Kiingereza cha darasani anaweza kutafuta bonde, akaishia kupanda.

Neno hilo lingeweza kuzaliwa hapa kwetu. Mimi naishi Kadutu, juu. Saa 12 asubuhi nikifungua mlango naona mama wanateremka na mabeseni kichwani, mguu umetangulizwa upande kama breki, mkono mmoja umegusa ukuta wa udongo pale penye utelezi. Mmoja akiita mwenzake anasema tu «nashuka». Hasemi anashuka kutoka wapi wala kwenda wapi. Kilima kimo ndani ya neno, kama kilivyokuwa kwa wale Waingereza wa kale kabla hawajakisahau.

Kuhusu ugomvi wenu: mkiwa botini umeshinda wewe, mkiwa mbele ya ramani ameshinda yeye. Kwenye mtihani andika «he goes to Bukavu», hakuna wa kukukata alama.

*

*Mwalimu, nina binti wa miaka saba. Hospitalini walisema ana trisomie 21. Hajui kuhesabu, lakini anapanga vifuniko vya chupa kwa rangi zake bila kukosea. Jirani yangu aliyerudi kutoka Uganda anasema Kiingereza ugonjwa huo unaitwa «Down», maana yake ni watoto wa chini, akili zao ziko chini. Tangu siku hiyo usingizi umenikimbia.*
*— Mama wa Bagira*

Mama, lala. «Down» hiyo ni jina la mtu.

Alikuwa daktari wa Uingereza, John Langdon Down. Mwaka 1866 aliandika maelezo ya watoto wenye hali aliyo nayo binti yako, na baadaye madaktari wengine wakaipa hali hiyo jina lake la ukoo, sindromu ya Down. Angekuwa anaitwa Smith, leo jirani yako asingekuwa na la kusema. Ndiyo maana huandikwa na herufi kubwa mwanzoni, kama jina lolote la mtu.

Jina ulilopewa hospitalini, trisomie 21, linaeleza sababu yenyewe, na sababu ilitangazwa mwaka 1959 na watafiti wa Ufaransa, wakiwamo Marthe Gautier na Jérôme Lejeune. Mwili wa kila mtu, ndani ya chembe zake, una nyuzi ndogo zinazobeba urithi wa wazazi, zinaitwa kromosomu. Kwa kawaida ni 46, mbili mbili. Binti yako ana 47, kwa kuwa ile namba 21 ziko tatu. Hakuna ulichokula wala ulichofanya ukiwa na mimba kilicholeta hilo. Siku ya kimataifa ya watu wa hali hiyo imewekwa tarehe 21 Machi, mwezi wa tatu, kwa ajili ya hizo tatu za namba 21, na Umoja wa Mataifa unaiadhimisha tangu 2012.

Jirani yako mwulize kitu kimoja. Hapa mjini tuna watu wangapi wanaoitwa Matata? Mimi najua watatu, wapole kama maji ya mtungi. Na wanaoitwa Shida? Jina la mtu halitafsiriwi.

Habari ya vifuniko imenifurahisha. Mpe na vifungo vya nguo, vina mashimo mawili na vina mashimo manne.

*

*Niko motari. Kuna dada mmoja wa Kamembe tunaandikiana Kiingereza. Nilimwomba tuonane Jumamosi, akajibu «I'm down». Nikajua amelala na homa. Nikamwandikia «Sorry, rest well», nikazima simu nisimsumbue. Usiku wa Jumamosi nilipoiwasha nikakuta maneno ambayo gazeti lako haliwezi kuyachapa.*
*— Motari wa Panzi*

Ndugu yangu. Alikuwa amekubali.

«I'm down» ya vijana ni usemi wa Wamarekani weusi uliotapakaa dunia nzima kupitia muziki. Maana yake ni niko tayari, niko pamoja nawe, twende. Wewe ulimtakia apumzike, naye yuko mahali fulani amevaa viatu vizuri.

Lakini sikulaumu sana, maana neno hili lina hila. «I feel down» ni moyo umenyong'onyea. «I'm down with malaria» ni malaria imenilaza, na hapo ndipo pole yako ingekuwa na kazi. Halafu ukutani mtu akiandika «Down with malaria!» na alama ya mshangao, hiyo ni ile «à bas» ya maandamano, malaria ipotee. Maneno matatu yaleyale: mmoja kitandani, mwingine barabarani na bango. Tofauti ni kwamba wa kitandani ana «I'm» mbele yake. Ukiona «I'm down» peke yake, bila «with» na bila ugonjwa nyuma, nenda ukaoshe pikipiki.

Sasa mwandikie ukweli, kwamba ulidhani ni mgonjwa. Watu hupenda kujua kwamba walihurumiwa. Kisha umalizie: «I'm still down. Are you?» Asipojibu hadi Jumapili, basi utakuwa na haki ya kutumia ile «I feel down».

*

*Mwalimu, niko mwaka wa tano wa sekondari. «Sit» ni kukaa. Kwa nini waongeze «down»? Kuna kukaa juu? Na «write it down», tunaandika chini ya nini? Tena kitabu kimoja kinasema nyumba «burned down», kingine «burned up». Ilikwenda upande gani?*
*— Mwanafunzi, Ibanda*

Hili la «sit down» lina deni langu la zamani, acha nililipe.

Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu kijana, na shati langu la kwanza la kununua mwenyewe. Akaja mgeni kutoka ng'ambo kuongea na wazee wa mtaa, uwanjani, mvua ndiyo kwanza imekatika. Mabenchi yalikuwa yamepangwa, yamefutwa kwa kitambaa. Mgeni akasimama, akatabasamu, akasema: «Please, sit down.» Mimi, mtafsiri, kwa sauti ya kengele: «Tafadhali, kaeni chini!»

Kimya. Wazee wakatazama tope. Mmoja akaanza kuvua koti, polepole, kama mtu anayejiandaa kulitandika. Kisha akaniuliza, kwa upole ulioniumiza kuliko fimbo: «Mwalimu, na haya mabenchi ni ya nani?»

Wapo wanaosema «kaa chini» hata mbele ya kiti, nawaheshimu. Lakini wazee wale walisikia walichosikia: chini ni ardhini. Mtaani kwetu ningesema «ikaleni», yakaisha. Watu wa pwani wangesema «kaeni kitako». Hakuna kati ya hao anayehitaji chini.

Sababu ni hii. Kitenzi cha Kiingereza mara nyingi hutoka nyumbani uchi. «Go», «come», «put», «get»: vinakuambia kuna mwendo, havikuambii wa kuelekea wapi. Kwa hiyo vinaazima kineno cha nyuma: «go down», «put down», «get down». Chetu kinatoka kimevaa kabisa. Shuka, teremka, inama, tua, bwaga, zama, didimia, poromoka: njia ya chini imo ndani ya kila kimoja, na namna ya kwenda imo humo humo. Mzigo ukiutua, umeuweka taratibu. Ukiubwaga, umechoka au umekasirika. Kilima kikiporomoka baada ya mvua, hakuna mtu wa Bukavu atakayekuuliza kilielekea wapi. Mwingereza kwa yote hayo angekuwa na «down» moja, halafu aongeze maelezo. Ukikutana na «down» katika sentensi yake, acha kuikimbilia «chini». Tafuta kitenzi, uone kama hakijaimeza tayari.

«Write it down» ni mfano. Maneno yanaelea hewani, unayashusha karatasini, yanatulia. Kiswahili ni «andika», basi. Na kumbuka andika ni ileile ya kuandika meza, kupanga sahani mahali pake kabla ya wageni. Yote mawili ni kukituliza kitu mahali kionekane.

Nyumba yako iliyoungua ilikwenda pande zote mbili. «Burned down»: kuta na paa vimelala chini. «Burned up»: imeisha, moshi umeondoka nayo. Mmoja anatazama kifusi, mwenzake anatazama angani, na wote wamesimama kwenye majivu yaleyale. Ukishangaa hapo, subiri ukutane na «slow down» na «slow up», maana zote mbili ni punguza mwendo. Na «upside down», kichwa chini miguu juu, ambayo zamani ilikuwa «up so down», juu kana kwamba ni chini. Watu wakaisikia vibaya, wakaitengeneza upya kwa masikio yao, na kosa likawa lugha.

*

Barua ya msomaji wa Cimpunda ilinyeshewa mfukoni mwa aliyeileta. Nimeianika juu ya jiko, nimepata neno «up» mara nne na alama moja ya kuuliza. Mwenyewe aandike tena, kwa kalamu ya bik safari hii.